Maikrowevu ya gari-nyumba: shajara ya kuifufua na kuitunza

12 Aprili

Theluji imekwisha, turubai limeondolewa juu ya gari, na kazi ya kwanza niliyojipangia ni maikrowevu. Gari lenyewe ni la mtumba, daraja C, yaani lile lenye kitanda juu ya kichwa cha dereva. Tulilinunua vuli iliyopita hapahapa Minnesota kutoka kwa wazee waliokuwa wamemaliza safari zao. Mwezi wa saba tunaelekea magharibi: Badlands na Black Hills kule South Dakota, kisha hifadhi ya Yellowstone. Tutakuwa mimi, mke wangu, watoto, na mama mkwe anayekuja kututembelea kutoka Tanga.

Jirani amenishauri niing'oe maikrowevu na lile tundu nilifanye kabati la vyombo. Nimekataa, na sababu zangu ni hizi. Jiko la gesi la gari hili lina pleti tatu ndogo, na dari liko chini. Gesi inapoungua hutoa joto pamoja na mvuke, na vyote hivyo hubaki mnamolala. Badlands mwezi wa saba inaweza kufika nyuzi 38. Maikrowevu inapasha chakula na kukiacha chumba kilivyo. Sisi ni watu wa wali, maharage ya nazi, mchuzi na ugali. Vikipikwa jioni vinaliwa tena kesho mchana kando ya barabara, na hakuna chombo kinachofanya kazi hiyo vizuri kuliko hiki. Ila ndani ya gari kina masharti mawili ambayo nyumbani hatuyasikii: umeme wake ni wa kuhesabu, na maji ya kukisafishia ni ya kuhesabu. Shajara hii ni ya kufuatilia hayo mawili.

Leo nimekagua tu. Imefungwa juu ya jiko, ndani ya kabati, kwa fremu ya mbele yenye skrubu nne. Mbili zimelegea kwa mtikisiko wa barabara, nimezikaza. Plagi yake iko ndani ya kabati la kulia, unaifikia kwa mkono. Lebo inasema volti 120, wati 1,450 za kuingia na wati 900 za kupikia. Zile wati zaidi ya 500 za katikati zinapotelea kwenye joto la transfoma na magnetroni (kifaa kinachotoa mawimbi ya kupikia), taa, feni na mota ya sahani. Anayepanga umeme wa gari aangalie namba kubwa. Ile ndogo ni ya mpishi.

Ndani kuna hali. Dari lina mafuta yaliyokauka rangi ya asali, harufu ni ya bisi zilizoungua, na ukutani upande wa kulia kuna doa jeusi dogo. Doa hilo limenitia wasiwasi kuliko uchafu wote mwingine. Nimechomoa plagi na haitawashwa mpaka nijue ni nini.

19 Aprili

Siku ya usafi. Nimeufanya kwa kanuni za safarini japo bomba la nyumba liko hatua chache, kwa sababu nataka kujua maji yanayotosha. Tangi la maji machafu la gari ndilo linalojaa haraka kuliko yote, na mafuta yakiingia humo yananuka wiki nzima.

Kwanza, kavu kabla ya maji. Nimekwangua makombo kwa ukingo wa kadi ya plastiki, nikapangusa vumbi na mafuta laini kwa karatasi, karatasi ikaenda kwenye takataka. Sahani ya kioo na kile kiduara cha magurudumu kilicho chini yake nimevitoa nikavilowanisha kwenye beseni. Kile kiduara watu wengi hawakiangalii, ilhali ndicho kinacholia kwikwi sahani inapozunguka, kwa sababu ya sukari na mafuta yaliyogandia kwenye njia yake.

Halafu mvuke. Kwa kuwa maikrowevu yenyewe haikuwa salama kuwashwa, nimechemsha maji kwenye birika nje, nikamimina kwenye bakuli pana lenye vipande vya limau na vijiko viwili vya siki, nikaliweka ndani na kufunga mlango kwa robo saa. Ikiwa nzima, unafanya hivyohivyo kwa kuiwasha: kikombe kimoja cha maji, limau au siki, dakika tatu hadi tano, kisha unaacha mlango umefungwa dakika nyingine tano ili mvuke ufanye kazi. Kuna jambo moja hapa la kuzingatia sana. Maji kwenye chombo laini kabisa cha kioo yanaweza kupita nyuzi 100 bila kutoa povu hata moja, halafu yakatibuka yote kwa mpigo mara unapoyagusa, usoni na mikononi. Tia kijiko cha mti ndani ya bakuli kabla ya kuwasha. Povu hupata pa kuanzia na maji huchemka kistaarabu. Vipande vya limau navyo husaidia.

Mafuta ya asali yamelegea. Nimepangusa kwa kitambaa laini chenye tone la sabuni ya vyombo, dari kwanza, kuta baadaye, sakafu mwisho, kila mara nikikunja upande safi. Pale palipogoma nimepaka bekin soda iliyokorogwa na maji kidogo ikawa uji mzito, nikaiacha, nikafuta. Stilwaya haina nafasi humu kabisa. Inakwangua rangi ya enameli, chuma kinabaki wazi na kushika kutu, na vile vipande vyake vidogo vikibaki ndani vitarusha cheche siku utakayowasha. Sabuni za kunyunyizia za oveni ya kawaida pia nimeziacha: ni kali mno kwa rangi hii na kwa plastiki ya mlango, na ndani ya gari moshi wake hauna pa kwenda.

Ukingo wa mlango nimeumalizia kwa kijiti cha meno kilichofungwa kitambaa. Hapo pana mfereji mwembamba unaozunguka mlango mzima, na kazi yake ni kuzuia mawimbi yasitoke. Ukiwa na tabaka la mafuta, mlango haukai sawasawa.

Maji yote niliyotumia, pamoja na beseni la sahani, hayakufika lita nne. Galoni moja. Kwa uchafu wa miaka mingi hiyo ni kazi nzuri, na safarini kikombe kimoja kwa siku kitatosha.

3 Mei

Doa jeusi limepata jibu. Ukuta wa kulia una karatasi ngumu ya rangi ya fedha iliyochafuka, ukubwa wa kiganja. Ni karatasi ya ulanga, madini yaleyale yaliyochimbwa milima ya Uluguru enzi za ukoloni. Nyuma yake ndiko kunakotokea mawimbi kutoka kwenye magnetroni. Karatasi inayapitisha bila kupata moto na wakati huohuo inazuia mvuke na mafuta yasiingie kwenye njia yao. Ikirukiwa na mchuzi na isipofutwa, mafuta yanaungua, yanakuwa mkaa, na mkaa unapitisha umeme. Hapo cheche zinaanza, karatasi inatoboka, na mwishowe magnetroni yenyewe inakufa. Watu wengi hutupa maikrowevu nzima wakati kilichoharibika ni karatasi ya dola chache.

Nimefungua skrubu moja ya plastiki, nikaitoa ya zamani. Nyuma yake chuma ni kisafi, hakuna palipoyeyuka, na hilo ndilo nililokuwa nikiomba. Karatasi mpya huuzwa kubwa, unaikata mwenyewe. Nimeilaza ile ya zamani juu yake, nikachora kwa penseli, nikakata kwa mkasi wa kawaida, taratibu, kwa sababu pembeni inachanika tabaka kwa tabaka. Kona nimezifanya mviringo kidogo. Imekaa.

Kazi ya nyumbani kwenye maikrowevu inaishia hapa. Boksi la nje halifunguliwi. Ndani yake kuna transfoma inayopandisha umeme hadi volti elfu kadhaa na kapasita inayoweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomoa plagi, na chaji hiyo inaua. Mafundi wa friji na televisheni wenye uzoefu wa miaka wamekufa kwa kapasita hizi. Kama karatasi na usafi visingetosha, ningeitoa nzima na kununua nyingine.

Jioni nimechomeka, nikaweka kikombe cha maji, nikawasha. Hakuna cheche, hakuna harufu. Sauti ni ya feni tu.

17 Mei

Nimekuja na gari William O'Brien, bustani ya jimbo kando ya mto St. Croix, kwa sababu vituo vyake vina umeme wa ampea 30 na nyumbani nina soketi ya nje ya ampea 15 tu. Kazi ya leo ni hesabu.

Ampea 30 mara volti 120 ni wati 3,600. Hiyo ndiyo nyumba nzima. Magari makubwa yenye plagi ya ampea 50 hupata nyaya mbili za moto, wati 12,000, na wenyewe hawana haja ya kusoma kipande hiki. Sisi wa 30 tuna haja. Kiyoyozi cha juu ya paa, ukubwa wa BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza), kinakula kama wati 1,500 kikiwa kimeshika kasi. Maikrowevu 1,450. Hita ya maji ikiwekwa upande wa umeme, 1,400. Friji yetu ni ile ya kutumia gesi au umeme. Ikiwa kwenye umeme inakula kama 350. Chaja ya betri, kama betri zimeshuka, 500 au zaidi.

Nimewasha kimoja kimoja huku nikiangalia mita. Kiyoyozi na maikrowevu vinakwenda pamoja vizuri. Ukiongeza friji ya umeme uko 3,300, bado unapita. Chaja ikianza kuvuta umeshavuka, na hapa kuna jambo la kuelewa: sakiti breka haikati papo hapo kwa ziada ndogo. Inapata moto polepole, na inakata baada ya dakika kadhaa, wakati umeshasahau ulichowasha. Nimewasha na hita ya maji makusudi; hiyo haikungoja, breka ya kwenye nguzo ya umeme ya kambi ikaruka chakula kikiwa bado baridi.

Kanuni niliyoandika na kubandika ndani ya mlango wa kabati: kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, friji na hita ya maji viko kwenye gesi. Basi. Mke wangu amesoma akasema, "Hii hata bibi ataielewa, wala usiongeze maneno."

Nyumbani, kwenye soketi ya ampea 15, hesabu ni ngumu zaidi. Wati 1,800 kwa ukomo, na maikrowevu peke yake inakaribia. Hapo kiyoyozi kisahau, chaja izimwe, na ekstensheni iwe ya waya mnene na fupi. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu itapata moto, na moto ukianzia chini ya zulia hakuna anayeuona mapema.

Jambo lingine limethibitika kwenye mita. Ukiiweka maikrowevu kwenye nguvu ya nusu, haivuti nusu ya umeme. Inavuta wati 1,450 zote kwa sekunde kadhaa, inanyamaza, inavuta tena. Zipo za kisasa zenye inveta ya ndani, yaani saketi inayodhibiti kiasi cha umeme, ambazo hupunguza kweli, ila hii yetu ni ya transfoma. Kwa hiyo kupunguza nguvu hakutaokoa breka. Kwa chakula lakini kuna faida kubwa: maharage ya nazi kwenye nguvu ya nusu hayarukiruki, kwa kuwa joto linapata muda wa kusambaa. Usafi mwepesi unaanzia hapo, kwenye nguvu ya nusu na kifuniko chenye matundu.

24 Mei

Betri. Nataka kupasha chakula bila nguzo na bila jenereta, dakika tano mchana kando ya barabara.

Gari lilikuja na inveta ya zamani, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ila ni ile ya mawimbi ya ngazi: umeme wake hupanda na kushuka kwa vidato. Niliijaribu kwa kipimo ninachokipenda: lita moja ya maji, dakika moja kamili kwa nguvu yote, koroga, pima. Nyuzi zilizopanda ukizizidisha kwa 70 unapata wati zilizoingia kwenye maji, kwa sababu lita moja inahitaji jouli karibu 4,200 ili kupanda nyuzi moja. Kwa umeme wa nguzo maji yalipanda nyuzi 12.5, yaani wati 875, karibu sawa na lebo. Kwa inveta ya zamani yalipanda 8.5, hazifiki hata 600, na transfoma ilikuwa ikinguruma vibaya. Chakula kinachukua muda mrefu, betri zinaliwa bure, na chombo kinateseka.

Nimeweka inveta ya wati 2,000 ya mawimbi safi, laini kama ya ukutani, na betri mbili za lithiamu za ampea-saa 100 kila moja. Kwa volti 12 na ushei, maikrowevu hii inavuta ampea 130 hivi upande wa betri. Umeme huo unahitaji waya mnene kama kidole gumba, mfupi kadiri inavyowezekana, na fyuzi kubwa karibu kabisa na betri. Vichwa vya waya nimebaniwa dukani kwa mashine, maana kiungo kilicholegea kwenye ampea 130 ni jiko lingine. Dakika tano zinakula kama ampea-saa 11. Kwa betri zetu hiyo ni kidogo, na paneli ya sola ya juu inairudisha.

Soketi ya maikrowevu sasa inapitia swichi ya kubadilishia: nguzo au inveta, kamwe vyote viwili. Chaja ya betri haiko upande wa inveta. Ingekuwa upande huo, betri zingekuwa zinajichaji zenyewe kwa hasara mpaka zife.

7 Juni

Mama mkwe amefika. Ameizunguka gari yote, akakaa kwenye kitanda cha nyuma, akaniita.

"Mwanangu, hicho chombo kiko hatua mbili na kichwa changu. Mionzi yake si itanifika hapa?"

"Haikufiki, mama. Naomba nikuonyeshe."

Nilimwonyesha wavu wa chuma ulio ndani ya kioo cha mlango. Wimbi la maikrowevu, kwa masafa ya gigahezi 2.45, lina urefu wa sentimita 12. Matundu ya wavu hayafiki hata milimita mbili. Mwanga unapita, ndiyo maana unaona chakula, wimbi halipiti. Mlango ukifunguliwa, swichi zake zinakata magnetroni papo hapo, wala hakuna mionzi inayobaki ndani ya chakula, kama vile taa ikizimwa hakuna mwanga unaobaki chumbani. Sheria ya Marekani tangu 1971 inataka kinachovuja kisizidi miliwati 5 kwa sentimita mraba, kikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye chombo, kwa maisha yote ya chombo, na kinapungua haraka kadiri unavyosogea mbali. Kitu cha kuogopa ni mlango uliopinda au kioo kilichopasuka. Nikampa karatasi aipitishe pande zote za mlango uliofungwa. Kila mahali ilibanwa. Kipimo hicho cha karatasi ni cha kuona kama mlango umekaa vizuri tu, vipimo vya mionzi vina mashine yake.

Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali ambalo sikulitegemea: "Na aliyeigundua alikuwa anatafuta nini?" Nikamweleza habari za Percy Spencer, fundi wa kampuni ya Raytheon huko Massachusetts, aliyekuwa akifanya kazi na magnetroni za rada mwaka 1945 akaona pipi mfukoni mwake imeyeyuka. Maikrowevu za kwanza kuuzwa, mwaka 1947, zilikuwa ndefu karibu mita 1.8 na uzito wa kilo 340 hivi. Gari letu lingepasuka tairi. Mama alifurahi kwamba mtu mzima alitilia maanani pipi iliyoyeyuka.

8 Juni

Amepika mwenyewe ugali ndani yake. Unga na maji baridi kwenye bakuli la kioo, uji ukatangulia dakika mbili, ukatoka ukasongwa, ukaongezwa unga, ukarudi, ukasongwa tena. Amesema umeiva ila hauna ukoko. Ni kweli, ukoko unataka sufuria.

9 Julai, South Dakota

Joto. Kambi moja ya binafsi kando ya barabara kuu ya I-90, magari yamejaa, viyoyozi vyote vinavuma. Saa kumi jioni mita ilisoma volti 107. Maji ya kipimo yalipanda nyuzi 9.5 tu, wati 665. Ndiyo sababu watu husema maikrowevu ya gari "imezeeka" wakati wa kiangazi, kumbe umeme umeshuka. Kifaa changu cha kulinda gari hukata chini ya volti 104, na nashukuru kipo, maana kiyoyozi ndicho kinachoumia zaidi. Tumengoja hadi saa mbili usiku volti ziliporudi 116, tukala wali na mchuzi wa kuku.

Barabarani: sahani ya kioo haisafiri ndani ya maikrowevu. Inafungwa kwa taulo mbili na kulazwa chini ya kochi, kiduara chake pamoja nayo. Mlango unazuiwa kwa mkanda wa kunata. Ndani hakiachwi kitu kizito. Mke wangu anaweka mkate tu, na unatoka kabla ya kuwasha. Tukifika, mlango unafunguliwa polepole, mkono mmoja ukiwa tayari chini.

13 Julai, Yellowstone

Kambi ya Madison. Hapa hakuna nguzo za umeme, na jenereta zinaruhusiwa saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku tu. Betri zimejibu. Chai ya mama saa kumi na mbili alfajiri, uji wa watoto, maharage mchana, bila kelele kwa jirani yeyote.

Tuko mita 2,070 hivi juu ya bahari. Maji yanachemka nyuzi 93, kwa hiyo wali na ugali vinataka muda zaidi na kuongezewa maji kidogo. Wati hazijapungua, ila chakula hakifiki joto lile la nyumbani. Jenereta ya wati 4,000 nayo inapumua hewa nyepesi. Inapoteza kiasi cha asilimia 3 na nusu kwa kila futi 1,000, hivyo hapa nina kama wati 3,050. Kiyoyozi hakihitajiki kwenye baridi hii, kwa hiyo chaja na maikrowevu vinagawana bila shida. Jenereta ikiwaka, madirisha ya upande wa bomba la moshi yanafungwa na king'ora cha hewa ya sumu kinajaribiwa kwanza. Hilo silifanyii mzaha.

Leo mchuzi wa samaki aina ya trauti, wa nazi na binzari, umerukia dari lote kwa sababu kifuniko kilisogea. Hapa ndipo kazi ya Aprili imelipa. Kikombe cha maji, limau, kijiko cha mti, dakika tatu, dakika tano za kungoja. Karatasi mbili za kupangusa, kitambaa chenye tone la sabuni, na karatasi ya ulanga nimeigusa kwa kitambaa kibichi tu bila kuisugua. Hakuna tone lililokwenda kwenye tangi la maji machafu. Rangi ya manjano kwenye kifuniko cha plastiki haikutoka kwa sabuni, nimekianika juani juu ya meza ya kambi na kufikia jioni ilikuwa imefifia. Harufu ya samaki imeondolewa na bakuli la bekin soda lililolala ndani usiku. Asubuhi linatolewa kabla gari halijatembea.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha usafi huku. Dubu wananusa kutoka mbali, na amri ya hifadhi ni kwamba chakula, takataka na vyombo vichafu visiachwe nje. Zile karatasi zenye mafuta zilikwenda moja kwa moja kwenye pipa la chuma lenye komeo.

2 Agosti

Nyumbani. Chujio la mafuta lililo chini ya maikrowevu, wavu wa alumini unaopokea mvuke wa jiko, nimelitoa. Limekuwa zito. Maji ya moto sana, sabuni ya vyombo, nusu saa kwenye beseni, brashi laini, likakaushwa kabisa kabla ya kurudi. Lile la mkaa lililo nyuma yake halioshwi. Likishiba harufu linabadilishwa, na hili limeshiba, nimeagiza jingine.

Skrubu moja kati ya zile nne imelegea tena. Nimeitoa, nikapaka gundi ya nyuzi za skrubu, nikaikaza. Karatasi ya ulanga haina hata kivuli.

11 Oktoba

Gari linaenda kulala. Majira ya baridi hapa hushuka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi, na panya hutafuta hifadhi mahali popote penye harufu ya chakula. Kwa hiyo usafi wa mwisho ni wa kukauka: mvuke, kitambaa cha sabuni, kitambaa cha maji, kitambaa kikavu, halafu mlango wazi kutwa nzima. Sahani ya kioo imekuja ndani ya nyumba. Plagi imechomolewa, swichi ya kubadilishia iko katikati. Mlango nimeuacha wazi kidogo kwa kipande cha mbao ili unyevu usijifungie humo, na tundu la waya lililo nyuma ya kabati nimelijaza wavu wa shaba ambao panya hawautafuni.

Betri za lithiamu nimezishusha hadi nusu ya chaji na kuzitoa, kwa sababu hazitakiwi kuchajiwa chini ya nyuzi sifuri. Chujio jipya la mkaa liko kwenye boksi juu ya rafu ya gereji. Linawekwa mwezi wa nne, kabla ya maji ya kwanza kuchemshwa.